Visanamu vya 1:87 kwa dayorama ya gati la Kigoma: pakiti mbili, skeli moja, mbona havilingani?

#1 MwishoWaReli
Wakuu, habari za jioni. Nina ubao wa sentimita 60 kwa 40, nataka kuweka dayorama, yaani mandhari ndogo ya mfano, ya gati la Kigoma mwaka 1914: behewa limesimama, makasha ya Graf von Goetzen, meli ya Wajerumani iliyoletwa vipandevipande, yanashushwa, vibarua, askari wachache, kina mama wa chakula pembeni. Watu kama 40 hivi. Skeli ni 1:87.

Mezani kuna pakiti mbili. Ya kwanza ni Preiser ya Ujerumani. Ya pili ni ule mfuko wa watu 100 usio na jina la kiwanda, unaoagizwa mtandaoni, ambao wasanifu majengo wanautumia kwenye maketi zao. Zote zimeandikwa 1:87. Kwa venia (kile kipimio cha mm), waliosimama wima wa Preiser wanacheza mm 19 hadi 21. Wa mfuko wanaanzia 20 na wapo wanaogonga 24. Ukiwaweka bega kwa bega mmoja ni baba, mwingine ni mtoto wa darasa la nne.

Mbona havilingani ilhali maandishi ni yaleyale? Na mtu anachagua vipi cha kubaki nacho na cha kuweka kando?

#2 Mgebuka87
Anza na hesabu kabla ya kulaumu kiwanda. Urefu wa mtu kwa mm, gawanya kwa skeli. Mtu wa sentimita 170:

1:35 ni mm 48.6
1:72 ni mm 23.6
1:76 ni mm 22.4
1:87 ni mm 19.5
1:100 ni mm 17
1:160 ni mm 10.6

Sasa rudi kinyumenyume. Huyo wako wa mm 24, zidisha kwa 87, unapata mita 2.09. Huyo si kibarua wa gatini, huyo ni wa mpira wa kikapu. Lakini ukimsoma kwa 1:72 ni mtu wa kawaida kabisa wa mita 1.73. Kwa hiyo mfuko wako umechanganywa: ndani kuna wa 1:87, wa 1:76 na wa 1:72, halafu ikabandikwa lebo moja.

Mchanganyiko huu una historia. HO ya reli za mezani ni mm 3.5 kwa kila futi moja, ndiyo 1:87. Waingereza walipotaka kutengeneza injini zao walikuta ni nyembamba, mota haiingii, wakapanua bodi mpaka mm 4 kwa futi, ndiyo OO, 1:76, lakini reli wakaacha ileile ya mm 16.5. Airfix nao wakawa wanaandika "HO/OO" kwenye maboksi ya visanamu vyao vya zamani kana kwamba ni kitu kimoja. Hiyo tabia haijaisha.

#3 FundiMsasa
Kabla hamjaenda mbali: umepima na kitako au bila kitako? Visanamu vingi vya mfuko vina kisahani au kipini chini ya miguu, na kisahani pekee kinaweza kuwa mm 1 mpaka 1.5. Kwenye skeli yako mm 1 ni karibu sentimita 9 za mtu. Kata kitako kwa wembe mpya, pima unyayo hadi utosi, kofia usiihesabu. Nusu ya majitu yako yatarudi kuwa binadamu.

#4 Mnyanyembe
Mwangaluka ndugu zangu wa mwisho wa reli.

Naona wote mnazunguka. Sababu kubwa ni kunakili. Kiwanda kinachukua kisanamu cha kiwanda kingine, kinatoa ukungu (kalibu) juu yake, kinamwaga upya. Kila ukinakili, malighafi inasinyaa kidogo inapopoa au inapoganda. Ukinakili nakala ya nakala umbo linabadilika, sura inafutika, vidole vinaungana. Angalia nyuso za mfuko wako: kama pua na mdomo vimekuwa uvimbe mmoja, hiyo ni nakala.

#5 Mgebuka87
#4 mkuu, umejifunga mwenyewe. Ukisema malighafi inasinyaa, nakala itakuwa FUPI. Ya mleta uzi imezidi. Labda Tabora vitu vinasinyaa kwenda juu.

#6 Mnyanyembe
Hahaha. Nakala ya kisanamu cha 1:72 ikisinyaa inakuwa fupi kuliko 1:72, ndefu kuliko 1:87. Muuzaji anaibandika skeli ya karibu. Rudi kwenye dagaa zako.

#7 Kirangozi
Kuna sababu ya nne hamjaigusa. Visanamu vya michezo ya vita ya mezani havipimwi kwa skeli, vinapimwa kwa mm: 20, 25, 28. Na wengi wanapima unyayo hadi JICHO, si utosi, kwa sababu kofia na manyoya vinavuruga utosi. Cha mm 28 kwa jicho ni kama mm 30 kwa utosi, na unene wake ni wa makusudi: kichwa kikubwa, mikono minene, bunduki kama mhimili wa nyumba, ili kionekane ukiwa umesimama mbali na meza. Hivyo vinaangukia kati ya 1:56 na 1:64. Muuzaji asiyejua akiona "mm 20" anaandika 1:87, akiona "mm 25" anaandika 1:72, basi.

Mleta uzi, angalia uwiano kuliko urefu. Mtu mzima halisi ni vichwa saba na nusu, urefu mzima ukigawa kwa urefu wa kichwa. Kisanamu chenye vichwa sita ni cha michezo ya vita au ni nakala mbovu. Hicho hata kikiwa mm 19.5 kamili kitaonekana kibete karibu na Preiser.

#8 MwishoWaReli
#3 kata kitako imefanya kazi kwa wengi. Wa mm 24 wameshuka hadi 22.8. Bado wamezidi. #7 vichwa: wa mfuko ni kama vichwa saba, Preiser saba na nusu. Kwa hiyo #2, #3 na #7 wote mna ukweli?

#9 Mgebuka87
#2 ndiyo yenye ukweli. Hao wengine wanapamba.

#10 BangweBandarini
Ugomvi wa asili ya tatizo muachieni muda, jamaa ana ubao wa kujaza. Kuchagua ni hivi:

Watu hawalingani urefu hata barabarani. Kati ya mita 1.55 na 1.85 kwa 1:87 ni mm 17.8 hadi 21.3. Kila kilichomo humo, weka popote. Kati ya 21.3 na 22.5 tumia kwa waliokaa, walioinama, walio juu ya behewa, walio kwenye kivuli cha bati. Kilichosimama wima na kimepita 22.5 usikiweke karibu na mlango wala karibu na mwenzake. Mlango ndio unaoumbua: mlango wa mita 2 ni mm 23. Mtu wa 22.8 akisimama hapo anafunga mlango wote.

Wale wa 22.8 usiwatupe. Weka ukingo wa mbele kabisa wa ubao, mgongo kwa mtazamaji. Wa 1:87 katikati. Nyuma kabisa, juu ya kilima, weka 1:160 watatu. Jicho linasoma umbali, ubao wa sentimita 40 unakuwa kama mita 100. Sharti watazamaji wawe upande mmoja tu. Ukiweka dayorama katikati ya meza watu wakazunguka, ujanja umeisha.

#11 BintiKibirizi
Urefu mtauweza. Tatizo kubwa la Preiser na wenzake ni mkao na mavazi. Pakiti nyingi ni abiria wa Ulaya: makoti ya baridi, mabegi ya ngozi, miavuli, mbwa wa kamba. Hakuna aliyechuchumaa anapika, hakuna aliyebeba kichwani, hakuna mtoto mgongoni. Gati la Kigoma bila watu waliochuchumaa si gati.

Kwa hiyo nunua kwa mkao, usinunue kwa jina la pakiti. Zinazofaa:

Waogeleaji na watu wa ufukweni. Kifua wazi, miguu wazi, hakuna kiatu wala kola ya kukwangua. Hao ndio wavuvi na vibarua wako. Nguo ya kuogelea unaifunika na kipande cha kikoi.

Wafanyakazi wa reli na wabeba mizigo. Mikono tayari imekunjwa kwa kubeba.

Watu waliokaa, wale wa kuweka ndani ya mabehewa. Kata kwenye nyonga na goti, bandika upya goti likiwa juu karibu na kifua, umepata aliyechuchumaa. Ukikata goti peke yake atakaa kama yuko kwenye kiti kisichoonekana, nyonga lazima nayo ishuke.

Na nunua zisizopakwa rangi. Preiser wana pakiti kubwa za namna hiyo, zaidi ya watu 100, na kila kimoja kinaangukia bei ya chini sana kuliko waliopakwa. Utawapaka upya hata hivyo, ya nini kulipia rangi ya Ulaya?

#12 FundiMsasa
Nakazia #11. Ila kukata na kubandika kunategemea plastiki. Preiser ni plastiki ngumu, gundi ya plastiki inaiyeyusha na kuiunga moja kwa moja. Pakiti nyingi za 1:72, za Airfix ya zamani, Italeri, HäT, ni plastiki laini kama ya ndoo. Hiyo gundi ya plastiki haiishiki kabisa na supa gluu inabanduka ukiigusa. Hapo unatoboa kwa pini ya moto au kidrili cha mkono cha mm 0.5, unapitisha waya, ndipo unaweka supa gluu kushika waya.

Hujui una ipi? Tumbukiza kwenye glasi ya maji. Laini inaelea, ngumu inazama.

#13 Karabai
#12 hapo angalizo. Ngumu inazidi maji kwa uzito kidogo tu, ukiiweka polepole inabaki juu kwa sababu ya mapovu yaliyoshika kwenye mikunjo. Weka tone la sabuni, izamishe kwa kidole, achia. Ikipanda yenyewe ni laini. Na usiweke chumvi kwenye maji, hata ngumu itaelea.

Kuna ya tatu pia, ile laini ya kunukanuka, ya midoli. Inazama lakini inapinda kama mpira. Hiyo ikipakwa rangi ya mafuta haikauki, mwaka mzima inanata, kwa sababu mafuta ya ndani ya plastiki yanatoka nje. Hiyo achia watoto wacheze.

#14 MwishoWaReli
Zimezama, pakiti zote mbili. Ila wa mfuko wamepakwa rangi inayong'aa kama sufuria mpya. Naiondoaje?

#15 Mnyanyembe
Dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

#16 FundiMsasa
#15 USIFANYE. Nyingi zina asetoni, asetoni inayeyusha plastiki ngumu. Utatoa glasi ukute supu. Mafuta ya breki, saa kadhaa, kisha mswaki wa zamani na sabuni. Vaa glavu, yanachoma ngozi, na usimwage karibu na samani iliyopakwa rangi. Visanamu vya reziini usiviweke humo, vingine vinalainika.

#17 BintiKibirizi
Au usiondoe. Osha kwa sabuni ya unga kuondoa mafuta ya ukungu, kausha, piga praima ya kopo ya rangi ya kijivu, safu mbili nyembamba ukiwa umbali wa sentimita 25. Kwa mm 20 huna haja ya kuchubua isipokuwa rangi ya zamani imejaza mikunjo. Mafundi wa kiume mnapenda kemikali.

#18 FundiMsasa
Rangi ya mfuko IMEJAZA mikunjo, dada. Ndiyo sababu nyuso zao ni uvimbe mmoja, si kunakili kama anavyodai #4. Chubua mmoja uone pua inarudi.

#19 Mnyanyembe
Chubua nakala uone kama pua inarudi.

#20 Kirangozi
Rangi ya ngozi, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Usipake nyeusi. Kwa mm 20 nyeusi inameza uso wote, unabaki na doa lenye shati. Msingi ni kahawia iliyoiva. Kivuli (chini ya kidevu, kwapani, kati ya vidole) ni hiyohiyo yenye tone la bluu. Mwanga (paji, daraja la pua, mashavu, mabega, magoti) ni kahawia iliyoongezwa nyekundu na manjano ya udongo, si nyeupe. Ukiongeza nyeupe ngozi inakuwa ya jivu kama mtu ametoka kubeba saruji. Viganja na nyayo, nyepesi zaidi. Na gawanya watu wako kwenye mabakuli matatu ya rangi tofauti, usipake 40 wote kwa bakuli moja, Kigoma nzima haina rangi moja.

Macho kwa 1:87 acha. Mstari wa kivuli unatosha. Ukiweka nukta nyeupe mtu anaonekana kashtuka. Kwa 1:35 ndiyo, macho yanatakiwa.

#21 BangweBandarini
#20 sawa, ila kwa skeli ndogo kila rangi iwe nyepesi kuliko uhalisia. Rangi iliyochukuliwa kutoka kwenye kitu kikubwa inaonekana nzito kwenye kitu kidogo. Kahawia iliyoiva moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa 1:87, ni nzito mno.

#22 Kirangozi
Hiyo kanuni ni ya ndege na meli zinazotazamwa kwa mbali. Dayorama ya sentimita 40 inatazamwa kwa sentimita 30.

#23 BangweBandarini
Sentimita 30 zikizidishwa kwa 87 ni mita 26. Mtu aliye umbali wa mita 26 rangi yake umeiona kamili?

#24 Skeli_na_Nusu
Mnabishana kuhusu hewa. Taa ya chumba ndiyo inaamua. Paka wawili, mmoja hivi mwingine vile, waweke chini ya taa itakayotumika, chagua. Taa nyeupe ya buluu inaua kahawia nyekundu, taa ya manjano inaifufua.

Swali langu ni jingine. Mwaka 1914 kwa nini? Reli ilifika Kigoma 1912.

#25 Mgebuka87
1912 ni Tabora. Kigoma ilifikiwa Februari 1914. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam 1905, Morogoro 1907. Kwa hiyo makasha ya Goetzen yangeweza kufika kwa reli mpaka ziwani mwaka huohuo wa 1914, na ndivyo ilivyokuwa. Meli ilitengenezwa Papenburg kwenye kiwanda cha Meyer Werft, ikafungwa kwa bolti, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaungwa kwa riveti hapa Kigoma na mafundi watatu wa kiwanda, Rüter, Tellmann na Wendt, pamoja na vibarua. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Maana yake kwa dayorama ya 1914: hakuna bomba la moshi linalofuka, hakuna mizinga. Ule mzinga wa sentimita 10.5 ulitoka kwenye manowari ya Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Ukiuweka gatini mwaka 1914 tutakuja kukucheka huku.

#26 Mnyanyembe
Kwa hiyo Tabora ilikuwa na reli miaka miwili kabla yenu. Naomba hilo liandikwe.

#27 Mgebuka87
Ilikuwa inapita kuja huku.

#28 FundiMsasa
Mleta uzi, kabla hujabandika reli: reli ya kati ni ya mita moja. Kwa 1:87 ni mm 11.5, kwa hiyo unatumia njia ya mm 12, ile ya TT (TT na N ni saizi nyingine za reli za mezani). Ukiweka mm 16.5 ya HO umejenga mm 1435, yaani SGR. Na usichukue mm 9 ya N ukidhani "nyembamba ni nyembamba", hiyo kwa 1:87 ni mm 783, reli ya mashamba ya mkonge.

#29 MwishoWaReli
#28 asante, nilikuwa nimeshaiweka kapuni ya 16.5.

#30 Skeli_na_Nusu
Ibakize, ubadilishe mwaka wa dayorama. Ukimaliza SGR nayo itakuwa imefika.

#31 BintiKibirizi
Turudi kwa watu. Nguo za kina mama mwaka 1914: kanga zipo, kaniki ipo. Kanga halisi ni kama sentimita 150 kwa 110. Kwa 1:87 ni mm 17 kwa 13. Usitumie kitambaa chochote, hata kile chepesi kitasimama kama turubai. Tumia karatasi ya kusokotea sigara, au tishu ukitenganisha tabaka zake ubaki na moja.

Hatua: gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu. Kata mm 17 kwa 13. Paka gundi kwenye kisanamu, si kwenye karatasi, karatasi ikilowa mkononi inakatika. Ibandike kuanzia kiunoni nyuma, leta mbele, pandisha ncha moja juu ya nyingine. Kwa njiti ya meno yenye unyevu sukuma mikunjo mitatu, isizidi. Acha usiku mzima. Ndipo rangi. Pindo ni kama mm 1, mstari mmoja wa rangi tofauti chini na juu. Jina la kanga kwa skeli hii haliandikiki. Ukitaka liwepo weka nukta nne za kahawia mfululizo, jicho la msomaji litasema "maandishi".

Mtoto mgongoni: chukua kichwa cha kisanamu cha mtoto na nusu ya mgongo tu, bandika katikati ya mabega ya mama, funika na karatasi ileile, acha kichwa na nyayo mbili. Nyayo ni vipande viwili vya uzi wa plastiki. Kiuno cha mama kisibaki wima. Mbebaji wa kweli anainama kidogo mbele. Ukikata kiunoni ukaweka kipande cha karatasi nyuma ya mkato, anainama mwenyewe.

#32 Karabai
#31 umetisha.

#33 Mnyanyembe
Dada #31, ninapanga msafara wa Unyanyembe, 1:72, miaka ya 1870. Kanga hiyohiyo?

#34 BintiKibirizi
Hapana. Miaka ya 1870 ni merikani nyeupe isiyopauka vizuri na kaniki ya bluu iliyoiva. Kanga ya chapa yenye maneno ni ya baadaye. Karatasi ni ileile, rangi ndiyo inabadilika: merikani iwe krimu chafu, ukipaka nyeupe tupu itaonekana shuka la hospitali.

#35 Kirangozi
#33 mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, kilo 32. Kwa hiyo furushi la nguo lisionekane kama mto. Meno ya ndovu ya mita 2 kwa 1:72 ni mm 28, kitako chake mm 2. Waya wa chuma wa mm 0.8 uliopindwa, uuzungushie puti ya vipande viwili, ikikauka ikwangue kwa msasa namba 600 iwe nyembamba kwenye ncha. Njiti za meno usitumie, hazipindi na nyuzi zake zinaonekana. Pembe kubwa inabebwa begani, na mpagazi anaegemea upande wa pili.

Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele kabisa na bendera nyekundu ya Zanzibar. Ukiweka msafara bila yeye, jina langu la humu litalalamika.

#36 Mnyanyembe
Na kama nikiweka Ujiji 1871 mwembeni, Livingstone na Stanley?

#37 Kirangozi
Kuna maelezo ya Stanley mwenyewe: Livingstone kofia ya bluu iliyopauka yenye utepe wa dhahabu uliofifia, koti fupi lenye mikono myekundu, suruali ya kijivu. Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka kumpokea Stanley, shati refu jeupe na kilemba cha merikani. Kwa 1:72 kilemba ni uzi mmoja wa kushonea uliolowekwa gundi, mizunguko mitatu, minne inakuwa kikapu.

Rangi ya ardhi itakutesa zaidi. Stanley aliandika 10 Novemba, shajara ya Livingstone inaangukia Oktoba. Mwishoni mwa Oktoba nyasi ni za kahawia zenye chipukizi, Novemba mvua imeanza na udongo ni mwekundu wa unyevu. Chagua upande mmoja na uwe tayari kushambuliwa na upande wa pili.

#38 Mgebuka87
Wa Oktoba niko hapa.

#39 BangweBandarini
Wa Novemba.

#40 Karabai
Mleta uzi, kuna dagaa kwenye gati lako? Dagaa wa sentimita 8 kwa 1:87 ni chini ya mm 1. Usijaribu kumchonga. Chukua unga unaotoka ukipiga tupa kwenye kipande cha alumini, nyunyiza kwenye gundi juu ya mchanga, halafu pitisha kijivu chepesi sana kilichochanganywa na maji mengi. Mgebuka wa sentimita 35 ni mm 4, huyo anawezekana: waya wa soldali uliogongwa ukawa bapa, kata mshazari pande zote mbili.

#41 Mgebuka87
Nimeona umenifikisha mm 4. Nashukuru.

#42 Skeli_na_Nusu
Miti je? Minazi ya mtandaoni ameshaagiza?

#43 MwishoWaReli
Ndiyo, kumi na mbili.

#44 Karabai
Hiyo ni ya pwani. Kigoma ni michikichi. Shina la mchikichi ni nene, limejaa vikonyo vya makuti yaliyokatwa, na majani ya kangaga yanaota humo. Shina la mnazi ni laini, limepinda. Okoa hiyo kumi na mbili: nyoosha shina kwa maji ya moto, zungusha kamba ya katani iliyolowekwa gundi kutoka chini hadi juu, ikikauka chakura nyuzi kwa sindano. Ongeza makuti mara mbili, yaliyo chini yaning'inie na kuwa ya kahawia. Urefu mita 10 ni sentimita 11.5. Usiizidishe ikafunika behewa.

#45 FundiMsasa
Na ubao wako ni wa nini? Kama ni plaiwudi na unaishi hapa Kigoma upande wa Gungu au Mwanga, mchwa watakutangulia. Paka chini na kingo zote oili chafu au vanishi mara mbili KABLA ya kuweka chochote juu, na usiegemeze ubao ukutani. Gundi ya unga wa ngano usitumie popote, mende wanakula makasha yako 5,000 usiku mmoja.

#46 BintiKibirizi
Na vile visivyotumika weka kwenye kisanduku chenye vyumba, panga kwa mkao: waliosimama, wanaotembea, waliokaa, walioinama. Usipange kwa kiwanda. Ukitafuta mtu wa kusukuma kasha saa nne usiku hukumbuki alitoka pakiti gani. Andika mm kwenye kila chumba kwa kalamu ya risasi. Na kisanduku kisikae chini ya bati bila dari, wale laini wanapinda kwa joto.

#47 MwishoWaReli
Wakuu nashukuru sana. Nimeshapanga: 26 wamebaki mm 17.8 hadi 21.3, 9 wa kukaa na kuinama, 5 wa mbele mgongo kwa watu. Naanza kukata magoti kesho. Swali dogo tu: askari wa Wajerumani, tabushi yao niifunike kwa kaki au niiache nyekundu?

#48 Kirangozi
Kaki, yenye kitambaa cha kufunika shingo nyuma. Kwa 1:87 kichwa chenye kofia ya mfanyakazi wa reli kinatosha, kata ukingo, jaza juu kwa puti mm 1.5, kitambaa ni karatasi ileile ya #31.

#49 Skeli_na_Nusu
Nyekundu ilikuwepo, ya kundi jingine.

#50 Kirangozi
Ya Wabelgiji wa Kongo, na hao hawakuwa gatini Kigoma mwaka 1914.

#51 Mnyanyembe
Walifika Tabora Septemba 1916. Na sisi tuna uzi wetu, njooni.